Bunduki ya Dukani kwa Mchezo wa Wachache: Je, Kiwanda Kijisumbue?

Yadi 1,000 ni mita 914. Ukilala kifudifudi na kutazama shabaha iliyosimamishwa umbali huo, duara la pointi 10 unalolitafuta lina upana wa inchi 10, sawa na sahani ya wali. Ndani yake mna duara dogo zaidi la inchi 5, linaloandikwa X, ambalo kazi yake ni kuwatenganisha waliofungana kwa pointi. Risasi huchukua kama sekunde moja na nusu kufika huko, na muda wote huo upepo unaisukuma. Mlengaji hodari hupiga risasi 20 na karibu zote zikaingia kwenye ile sahani.

Mchezo huu huitwa F-Class. Herufi F imetokana na Farky, jina la utani la George Farquharson, mlengaji wa Kanada. Umri ulipompita na macho na mwili kumgomea, hakuweza tena kulenga kupitia kitundu cha chuma wala kuibana bunduki kwa mkanda wa begani kama walengaji wa jadi. Akaomba aruhusiwe kuweka darubini juu ya bunduki na kuiegemeza mbele. Wenzake wakakubali, na katika miaka ya 1990 ombi hilo likazaa mchezo kamili. Mashindano ya dunia yamepigwa Bisley kule Uingereza mwaka 2009, Raton katika jimbo la New Mexico mwaka 2013, na Ottawa mwaka 2017. Hata hivyo, ukilinganisha na jeshi la wawindaji wanaonunua bunduki Marekani kila mwaka, wachezaji wa F-Class ni kiganja cha mchele ndani ya gunia.

Hapo ndipo swali linapozuka, na limebishaniwa miaka mingi na watu wenye akili zao. Kiwanda kikubwa, chenye mitambo ya kutoa bunduki za uwindaji kwa makumi ya maelfu, kijisumbue kutengeneza bunduki ya mchezo wa watu wachache? Upande mmoja hujibu kuwa hiyo ni hasara tupu, wanunuzi hawapo. Upande wa pili hujibu kuwa wanunuzi hawapo kwa sababu bunduki haipo; itengenezwe, watakuja. Nimezifuata hoja zote mbili kwa muda na naona zote zinaruka jambo kubwa zaidi, nalo ni kitabu cha kanuni cha mchezo wenyewe. Nitafika huko. Kwanza tuangalie hesabu.

Fikiria tofauti ya suti ya dukani na suti ya kushonesha. Anayeshona suti za dukani hukata vitambaa mia kwa mkupuo mmoja, akifuata kipimo cha mtu wa wastani. Fundi cherehani hukupima wewe, bega lako lililoshuka na mkono wako mrefu. Bunduki nazo ni hivyo hivyo. Kabla bunduki mpya haijaingia kwenye katalogi, kiwanda kinalipia michoro, vifaa vya kushikilia chuma kwenye mashine, majaribio ya usalama, na mafunzo ya wafanyakazi. Tuseme, kwa mfano tu, gharama hizo zifike dola 300,000. Zikigawanywa kwa bunduki 30,000 za uwindaji, kila moja inabeba dola 10. Zikigawanywa kwa bunduki 500 za mchezo mdogo, kila moja inabeba dola 600 kabla hata chuma hakijaguswa. Mkurugenzi anayezitazama namba hizo na kusema hapana si mwoga wala mchoyo. Anajua kuhesabu.

Lakini gharama si kikwazo pekee. Kuna mambo ambayo kiwanda hakiwezi kuyafanya sawasawa na fundi, hata kikipewa fedha.

Chukua chemba, yaani ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Kiwanda hakijui mnunuzi atatia risasi gani, kwa hiyo hulazimika kuikata chemba kwa nafasi ya kutosha ili risasi ya kampuni yoyote iingie na kutoka salama. Mlengaji wa mashindano hujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, akipima baruti kwa mizani ndogo, na anataka chemba iliyokatwa kulingana na ganda moja na risasi moja tu. Nafasi ile inayomlinda mwindaji humwibia mlengaji sehemu ya usahihi wake.

Chukua pia mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Risasi nzito na ndefu, zinazostahimili upepo vizuri, huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Bunduki nyingi za kuwindia za kaliba (yaani saizi ya risasi) ya .223 zimechongwa ili risasi ijizungushe mara moja katika kila inchi 12 au 9. Ukitia humo risasi nzito ya mashindano itayumba angani na kuifikia shabaha ubavu-ubavu, kama itaifikia. Kiwanda kinachotaka kuingia kwenye mchezo hakiwezi kuchukua mtutu uliopo na kuuongezea urefu na unene basi. Lazima kichonge mwingine.

Halafu kuna kifyatulio. Mlengaji anataka kilegee kiasi kwamba wazo likipita kidoleni risasi iwe imeondoka. Wanasheria wa kiwanda wanataka kiwe kigumu, kwa sababu bunduki ikianguka na kujifyatua watakaosimama mahakamani ni wao.

Na mwisho kuna uchakavu, jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawalitarajii kabisa. Mtutu ni kama tairi la gari. Kaliba ya 6.5-284, iliyopendwa sana kwenye F-Class, huweza kuumaliza mtutu kwa risasi 1,000 hadi 1,500 hivi, kwa sababu gesi moto huula mwanzo wa mifereji. Mshindani anayefanya mazoezi kwa bidii anaweza kuziteketeza hizo katika msimu mmoja. Bunduki ya kiwandani ambayo mtutu wake haubadilishiki kirahisi ni sawa na gari lililouzwa na matairi yaliyochomelewa.

Zamani walengaji wengi hawakulazimika kuyafikiria haya, kwa sababu bunduki yao ilitoka jeshini. Katika mchezo wa jadi wa Uingereza na makoloni yake, watu walipiga shabaha kwa Lee-Enfield ya .303, bunduki ile ile waliyobeba askari wa KAR, jeshi la wakoloni wa Uingereza huku kwetu Afrika Mashariki. Serikali ndiyo iliyokuwa imelipia michoro na mitambo, na mlengaji akafaidi. Majeshi yalipohamia bunduki zinazojipakia zenyewe, chemchemi hiyo ikakauka. Pengo likazibwa na watengenezaji wadogo: George Swenson na bunduki yake iliyoitwa Swing kule Uingereza, Musgrave Afrika Kusini, Omark Australia. Hawakuwa mafundi wa bunduki moja moja, wala hawakuwa viwanda vya makumi ya maelfu. Naamini mchezo ule ungekufa bila wao.

Sasa turudi F-Class, kwa kuwa huko kuna mfano mzuri wa kiwanda kikubwa kilichothubutu. Kampuni ya Savage, ya Westfield katika jimbo la Massachusetts, ilifilisika mwaka 1988. Mtu aliyeiokoa, Ron Coburn, aliirudisha kwenye bidhaa chache, na bidhaa kuu ilikuwa bunduki aina ya 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer na kutoka mwaka 1958. Bunduki hiyo ina siri moja ndogo: mtutu wake hufungwa kwa nati. Kwenye bunduki nyingine, fundi lazima akate chuma kwa uangalifu mkubwa ili mtutu ukae mahali pake kamili kwenye kiini cha bunduki, yaani sehemu ya kati inayoifunga risasi ndani ya chemba. Kwa Savage unauzungusha mtutu hadi kipimo kikubali, halafu unakaza nati. Ilibuniwa hivyo ili kupunguza gharama. Hakuna aliyekuwa akiwawazia walengaji wa yadi 1,000. Lakini baadaye nati hiyo ndiyo iliyowafungulia mlango, maana mtu mwenye vifaa vichache na utulivu anaweza kubadilisha mtutu uliochakaa nyumbani kwake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Savage walitoa kifyatulio walichokiita AccuTrigger. Kina kibamba chembamba katikati ambacho usipokibonyeza kwanza bunduki hailii hata ikianguka. Hapo ugomvi wa mlengaji na mwanasheria ukapata suluhu, kwani kifyatulio kingeweza kuwa chepesi na bado kikawa salama. Kwa kuunganisha nati, kifyatulio hicho na kitako kipana cha kuegemea, wakatoa bunduki za aina ya 12 zilizopewa jina la mchezo wenyewe, F-Class, na la daraja lake moja, F/TR, wakaunda na timu iliyopiga mashindano kwa bunduki za kampuni. Walichokifanya, ukiitazama ile hesabu ya dola 300,000, ni kukwepa sehemu kubwa ya gharama. Hawakujenga bunduki mpya. Waliipanga upya ile waliyokuwa nayo.

Je, bunduki hizo ziliwang'oa mafundi kileleni? La. Nenda leo kwenye mstari wa mashindano makubwa ya F-Class, na hasa daraja la wazi, utakuta bunduki nyingi mno zilizotengenezwa na mafundi: kiini kutoka kwa mtu huyu, mtutu kutoka kwa yule, kitako kutoka kwa mwingine. Mtu aliyekusudia kuthibitisha kwamba kiwanda hakina mahali kwenye mchezo mdogo atasimama hapo na kusema, si mnaona?

Basi na aende kwenye theluji.

Biathloni ni mchezo wa kuteleza kwa ski na kulenga shabaha. Hadi miaka ya 1970 walipiga kwa bunduki za kaliba za kijeshi, na shabaha zilikuwa mbali. Mwaka 1978 mchezo ukahamia kaliba ndogo ya .22, shabaha zikawekwa mita 50, na Michezo ya Olimpiki ya Lake Placid ya mwaka 1980 ikapigwa hivyo. Tangu hapo kanuni zimebaki karibu zile zile: bunduki isipungue kilo 3.5, kifyatulio kisilegee chini ya gramu 500, isijipakie yenyewe, darubini marufuku. Shabaha ni tano, zenye upana wa milimita 45 kwa aliyelala na 115 kwa aliyesimama. Anayekosa huzunguka mita 150 za adhabu kwa kila shabaha aliyoikosa katika mbio nyingi. Hata baridi ina kanuni: ikishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mbio hazianzi.

Na kileleni mwa mchezo huo, wengi mno wanapiga kwa bunduki ya kiwandani. Ni ya Anschütz, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1856 huko Zella-Mehlis na ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijianzisha upya Ulm, kusini mwa Ujerumani. Bunduki hiyo inatumia bolti ya Fortner, kile chuma kinachotia risasi mpya na kuifunga chemba, inayovutwa nyuma moja kwa moja kwa kidole cha shahada na kusukumwa mbele kwa dole gumba, kiganja kikiwa bado kimeshika kitako. Mwanamichezo ambaye moyo unamdunda kwa mbio hupiga risasi tano katika sekunde ishirini na kitu. Ni vigumu kwa fundi wa uani kuifanya bolti hiyo ifanye kazi kwenye baridi ya namna ile, mwaka baada ya mwaka, kwa uhakika ule. Kazi hiyo inadai mashine za usahihi mkubwa na majaribio yasiyo na idadi, na hivyo ndivyo vitu kiwanda kinavyovimudu kumshinda mtu mmoja.

Kwa nini basi kiwanda kinashinda kwenye theluji na kushindwa kwenye yadi 1,000? Sidhani kuwa idadi ya wachezaji ndiyo sababu. Sababu naiona kwenye kanuni. Biathloni ina kaliba moja, umbali mmoja na vipimo ambavyo havijahamahama kwa zaidi ya miaka 40. Kiwanda kikiwekeza leo, kinajua miaka kumi ijayo mchezo utakuwa bado unaomba kitu kile kile, na kila uboreshaji mdogo unajumlishwa juu ya uliotangulia. Daraja la wazi la F-Class linaruhusu kaliba yoyote hadi .35 na uzito hadi kilo 10. Kila mwaka mtu anagundua risasi mpya, kitako kipana zaidi, kaliba inayopenya upepo kidogo zaidi. Katika mchezo wa namna hiyo fundi ana mbio za swala. Kiwanda kikimaliza kupitisha michoro, walengaji wameshahama.

Lipo pia jambo dogo ambalo nalipenda sana katika biathloni. Wengi wa wale wanaopiga kwa chuma cha Ulm hupiga na kitako cha mbao kilichochongwa na fundi kwa kipimo cha mwili wao. Kiwanda kinashika chuma, fundi anashika kile kinachogusa shavu na bega. Hakuna aliyeagiza mgawanyo huo. Ulijipanga wenyewe, na ni wa haki.

Kanuni zinaweza pia kutungwa kwa makusudi ili kukiita kiwanda. Mwaka 2012 Marekani ilianza mfululizo wa mashindano uitwao Precision Rifle Series, ambamo watu hupiga shabaha za chuma wakiwa wameegemea kuta, mapipa na mapaa, saa ikikimbia. Muda si mrefu bunduki zikawa za gharama ya kutisha, nyingine zikipita dola 4,000 kabla ya darubini. Waandaaji wakaweka daraja la bunduki za kiwandani lenye dari ya bei, ambayo kwa muda ilikuwa dola 2,000. Sentensi moja kwenye kitabu cha kanuni, na mkurugenzi yule mwenye hesabu zake akapata kitu cha kushika: hapa pana watu wanaolazimika kununua bidhaa kama yangu, na bei yao najua.

Bunduki inayolifaa daraja la namna hiyo ni Precision Rifle, iliyotolewa na kampuni ya Marekani ya Ruger mwaka 2015 kwa bei ya katalogi ya dola 1,399. Kitako chake kinarefuka na kufupika bila fundi, inapokea magazini (vikasha vya risasi) zinazopatikana kirahisi, na mtutu wake unabadilishwa kwa vifaa vya kawaida vya bunduki za jamii ya AR, zile zinazofanana na M16 ya jeshi. Mojawapo ya kaliba zake za mwanzo ilikuwa 6.5 Creedmoor, na kisa cha kaliba hiyo kinafaa kusimuliwa kwa kila anayedhani mchezo mdogo hauna faida kwa mkubwa. Ilitolewa na Hornady, kampuni ya kutengeneza risasi, mwaka 2007 kwa ajili ya walengaji wa mashindano tu. Walengaji hao walikuwa wamechoka na risasi zisizoingia vizuri kwenye magazini zao na zisizopatikana dukani. Hornady wakaenda mbali hata wakachapisha kipimo cha baruti juu ya sanduku ili mtu aweze kuijaza mwenyewe. Baada ya miaka michache wawindaji wakaigundua, kwa kuwa ina mateke kidogo na inapenya upepo vizuri, na leo ni miongoni mwa kaliba zinazouzwa sana Marekani. Mwaka 2018 hata vikosi maalumu vya jeshi la nchi hiyo vilikuwa vimeshaichagua. Kiganja cha mchele kilikuwa mbegu.

Hilo halikuwa la kwanza. Mike Walker, mhandisi wa kampuni ya bunduki ya Remington, alikuwa yeye mwenyewe mpigaji wa mchezo wa kulenga juu ya meza, ambao ni mdogo hata kuliko F-Class. Kaliba aliyoibuni, .222 iliyotoka mwaka 1950, ilitawala mchezo huo kwa miaka mingi, na kazi yake juu ya bunduki za kampuni ndiyo iliyofikia aina ya 700 ya mwaka 1962, moja ya bunduki za uwindaji zilizouzwa sana duniani. Mhandisi anayekwenda kushindwa mwenyewe uwanjani kila Jumamosi hurudi Jumatatu na maswali ambayo idara ya mauzo haitayauliza kamwe.

Nisiufiche upande wa giza. Kiwanda huja na huondoka. Kampuni ya Winchester ilitengeneza aina ya 52, bunduki ya .22 ambayo vizazi vya walengaji wa Marekani viliiheshimu, kuanzia 1920 hadi 1980, halafu basi: gharama ya kuitengeneza ilikuwa imeshaishinda bei. Mchezo uliomtegemea mtengenezaji mmoja hubaki yatima siku hiyo, wakati mafundi kumi wadogo hawafungi milango wote kwa pamoja. Na kuna madhara ya kazi nusu nusu. Kampuni ikibandika jina la mchezo kwenye bunduki ya kuwindia iliyoongezewa mtutu mnene tu, anayeumia ni mgeni. Anafika kwenye mstari, risasi zinatawanyika, na anahitimisha kuwa hana kipaji. Hajui kwamba mifereji ya mtutu wake haikuchongwa kwa risasi aliyouziwa. Huyo harudi tena, na mchezo wa watu wachache hauna mtu wa kupoteza.

Ndiyo maana jibu langu ni ndiyo, kiwanda kijisumbue, lakini kijue kinamtengenezea nani. Pale kanuni zinapokuwa nyembamba na tulivu kama za biathloni, kilenge kileleni bila hofu. Pale kanuni zilipo wazi, kiwaachie mafundi kilele na kijenge mlango: bunduki ya mtu wa msimu wa kwanza na wa pili, ambaye bado hajui atapenda kaliba gani na ambaye hawezi kungoja mwaka mzima kwenye foleni ya fundi. Na waandaaji wa michezo hii wasikae wakisubiri ukarimu wa makampuni. Daraja la bunduki za dukani lenye bei iliyowekewa dari ni kazi yao, na gharama yake ni kikao kimoja cha kamati.

Kama ningepewa nafasi ya kukiomba kiwanda kitu kimoja tu, nisingeomba nishani wala timu yenye fulana za kampuni. Ningeomba kwamba kwenye katalogi, mstari ule ule unaotaja bei ya bunduki, iandikwe na bei ya mtutu wa pili, uliochongwa kwa risasi nzito, pamoja na ahadi kuwa utakuwa bado unapatikana miaka kumi baadaye.